Mawe ndani ya mirija ya ini: namna yanavyotolewa bila kupasua tumbo

Kwa Kiswahili cha kila siku, “mawe ya nyongo” ni jina moja linalobeba magonjwa matatu. Kuna mawe yaliyo kwenye mfuko wa nyongo, ambayo ndiyo mengi. Kuna yaliyoshuka na kukwama kwenye mrija mkuu unaopeleka nyongo kwenye utumbo. Na kuna yaliyo juu zaidi, ndani ya ini lenyewe, kwenye matawi ya mirija kabla hayajaungana. Hili la tatu ndilo makala hii inalolieleza, kwa sababu ndilo linalochanganywa sana na mengine mawili. Mtu hutolewa mfuko wa nyongo, kovu likapona, kisha baada ya miezi homa na maumivu chini ya mbavu za kulia yakarudi palepale. Ndugu huuliza mawe yametoka wapi tena wakati mfuko ulishatolewa. Hayakutoka popote. Yalikuwa juu tangu mwanzo, na kuondoa mfuko hakuyagusi.

Ili kuelewa tiba, fikiria mirija ya nyongo kama mti. Majani ni chembe za ini, zinazotengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Nyongo hupita kwenye vijitawi, ikaingia kwenye matawi mawili makubwa, la kulia na la kushoto, kisha kwenye shina moja linaloshuka hadi kwenye utumbo mwembamba. Mfuko wa nyongo unaning'inia ubavuni mwa shina kama fenesi. Mawe ya ndani ya ini ni yale yaliyo juu ya panda, pale matawi mawili yanapokutana. Hupatikana zaidi upande wa kushoto, kwa kuwa tawi la kushoto huingia kwenye panda kwa pembe kali na nyongo yake hutiririka polepole.

Mengi ya mawe haya ni ya kahawia, laini, yanayomomonyoka kwenye vidole kama sukari guru iliyolowa. Hutokea hivi: bakteria wa utumbo, hasa E. coli, hupanda hadi kwenye mirija. Wana kimeng'enya kinachokata rangi ya nyongo, bilirubini, kutoka kwenye sukari inayoifanya iyeyuke majini. Bilirubini iliyoachwa peke yake hushikana na kalsiamu, ikaganda na kutuama. Lakini bakteria peke yao hawatoshi, kwa sababu nyongo inayokimbia huwasomba. Lazima pawe na mahali inaposimama, na mahali hapo mara nyingi ni mbano: sehemu ya mrija iliyofanya kovu na kuwa nyembamba. Uvimbe wa maambukizi huzaa kovu, kovu huzaa mbano, mbano husimamisha nyongo, nyongo iliyosimama huzaa mawe, na mawe huleta maambukizi mapya. Mzunguko huu ndio ugonjwa wenyewe. Jiwe ni sehemu yake moja tu, ingawa ndilo linaloonekana kwenye picha.

Ugonjwa huu umezoeleka zaidi Asia ya Mashariki: China, Korea, Japani, Taiwan na Hong Kong, na mbinu nyingi za kuutibu bila kisu zilikomaa huko. Afrika Mashariki ni nadra zaidi, ila haukosekani. Chango, yule mnyoo mrefu wa mviringo anayeweza kufika sentimita 30, hupanda kutoka utumboni hadi kwenye mirija ya nyongo, akafia humo, na mabaki yake na mayai yake yakawa kiini cha jiwe. Kundi lingine ni watu waliowahi kuunganishwa mrija wa nyongo na utumbo kwa upasuaji, kisha kiungo kikajibana. Wengine huzaliwa na mirija iliyotanuka kama vifuko. Na wapo wachache wenye mawe ya kolesteroli kwa sababu ya hitilafu ya jeni iitwayo ABCB4. Hawa kwa kawaida huanza kuumwa kabla ya miaka 40. Wenye sikoseli huweza kupata mawe meusi, lakini hayo kwa kawaida hukaa kwenye mfuko wa nyongo, na tiba yake ni nyingine.

Ramani kabla ya safari

Ultrasaundi huanza, na mara nyingi ndiyo inayogundua. Ina mitego miwili. Jiwe la kahawia halitupi kila mara kivuli cheusi nyuma yake kama jiwe gumu la kwenye mfuko, kwa hiyo mpimaji asiyelitarajia hulipita. Pili, hewa ndani ya mirija, inayoonekana kwa mtu aliyewahi kukatwa mlango wa mrija mkuu, pale unapofungukia utumboni, au kuunganishwa na utumbo, hung'aa sawasawa na jiwe. Namna ya kuitambua ni kumgeuza mgonjwa: hewa hupanda upande ulio juu, jiwe hubaki.

Ultrasaundi haitoshi kupanga tiba. Kinachohitajika ni picha ya MRI ya mirija ya nyongo, iitwayo MRCP, inayochora mti wote bila sindano ya rangi, pamoja na CT, eksirei ya kompyuta inayopiga mwili vipande vipande, inayoonyesha nyama ya ini. Katika picha hizo daktari anatafuta mambo manne: mawe yako kwenye sehemu ipi kati ya sehemu nane za ini, mbano uko wapi na ni mrefu kiasi gani, kama kuna sehemu ya ini iliyosinyaa, na kama kuna dalili ya uvimbe wa saratani. Mgonjwa ana haki ya kuuliza hayo manne moja moja. Daktari asiyeweza kuonyesha mbano uko wapi bado hajawa tayari kutoa jiwe.

Homa kwanza, mawe baadaye

Homa ya kutetemeka, maumivu upande wa juu kulia, na macho kuwa ya manjano: daktari wa Ufaransa Charcot aliyaunganisha mambo haya matatu mwaka 1877, na mpaka leo yanamaanisha kwamba mirija ina usaha au inaelekea huko. Kwa mawe ya ndani ya ini, umanjano huweza kukosekana kabisa, kwa sababu tawi moja likiziba matawi mengine yanaendelea kufanya kazi. Homa ya kutetemeka yenye maumivu inatosha kumpeleka mtu hospitali siku hiyohiyo. Kwetu mara nyingi hutibiwa kama malaria kwanza. Kipimo cha malaria kikiwa hakina wadudu, na mgonjwa ana historia ya mawe, asirudishwe nyumbani na panado.

Hospitali huchukua damu ya kuotesha vijidudu, kisha huanza antibayotiki mara moja. Seftriaksoni pamoja na metronidazo ni mchanganyiko wa kawaida kwa asiye mahututi. Dawa hizo hulinda damu, lakini haziufikii vizuri usaha ulio nyuma ya jiwe, maana mrija ulioziba haupokei nyongo mpya yenye dawa. Shinikizo likipanda humo ndani, vijidudu husukumwa kuingia kwenye mishipa ya damu. Ndiyo maana mgonjwa ambaye presha imeshuka, amechanganyikiwa au mkojo umepungua hasubiri dawa zifanye kazi. Anahitaji mrija ufunguliwe na usaha utoke haraka iwezekanavyo.

Kosa linalogharimu maisha hutokea hapa: mtu akiwa na homa kali, daktari anaingia kutoa usaha, anaona mawe, anatamani kuyamaliza palepale. Kusukuma rangi ya eksirei kwa nguvu au kupasua mawe kwenye mirija yenye usaha hueneza vijidudu mwilini ndani ya saa chache. Siku ya homa kazi ni moja, kuweka mpira, yaani bomba jembamba, usaha utoke. Mawe yatasubiri siku au wiki. Usaha ukishatoka, antibayotiki hutolewa siku 4 hadi 7 zaidi.

Kabla ya kutoboa ini, damu lazima iweze kuganda. Nyongo isiyofika utumboni humnyima mtu vitamini K, kwa hiyo mwenye umanjano wa muda mrefu huvuja damu kirahisi. Hupewa vitamini K ya sindano, na hospitali nyingi hutaka INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, iwe chini ya 1.5 na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, ziwe zaidi ya 50,000. Anayetumia warfarini, klopidogreli au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda aseme mapema, kwa sababu nyingine husimamishwa siku kadhaa kabla.

Njia ya mdomoni

ERCP ni kamera ndefu inayopita mdomoni, tumboni, hadi pale mrija mkuu unapofungukia utumboni. Daktari huingiza waya kwenye mlango huo, hupiga rangi, kisha huukata kidogo kwa umeme ili upanuke. Ukataji huo ulianza mwaka 1974, Japani na Ujerumani karibu kwa wakati mmoja. Baada ya hapo mawe huvutwa kwa puto au kwa kikapu cha waya.

Kwa mawe ya mrija mkuu, njia hii ndiyo inayotumika zaidi. Kwa mawe ya ndani ya ini ina mipaka ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi. Kikapu hakipiti kwenye mbano. Kikipita, hakiwezi kutoka na jiwe kubwa kuliko mbano wenyewe, na kinaweza kunasa humo pamoja na jiwe lake. Pembe kali ya matawi ya pembeni huizuia waya. Siku hizi kuna kamera nyembamba ya milimita 3.5 hivi inayopita ndani ya ile kubwa na kuingia kwenye mirija, ikibeba kifaa cha kupasua mawe. Inasaidia kwa mawe yaliyo karibu na panda, lakini yaliyo ndani kabisa bado humshinda mtu anayekuja kutoka chini.

Hatari inayotokea zaidi ni kongosho kuvimba, wagonjwa 3 hadi 10 kati ya 100. Kidonge cha diklofenaki au indomethasini cha miligramu 100 kinachowekwa njia ya haja kubwa hupunguza hatari hiyo, ni cha bei nafuu, na hakuna sababu ya kukikosa isipokuwa kwa asiyeruhusiwa kukitumia, kama mwenye figo mbovu, vidonda vya tumbo au mzio. Maumivu makali ya chembe ya moyo yanayopenya mgongoni saa chache baada ya ERCP hayapaswi kuitwa gesi. Jambo la mwisho: mlango ukishakatwa haufungi tena kama zamani, na bakteria wa utumbo hupanda kirahisi zaidi. Kama mbano wa juu umeachwa bila kutibiwa, ukataji huo unaweza kuongeza maambukizi badala ya kuyapunguza.

Njia ya kupitia ngozi

Hii ndiyo kazi hasa. Nchini Japani, Korea na Taiwan imefanywa kwa miongo kadhaa, na kwa mawe yaliyo ndani ndiyo yenye matokeo bora bila kupasua. Inachukua wiki nyingi, na mgonjwa asiyeelezwa hivyo tangu mwanzo hukata tamaa katikati, akaondoka na mpira ubavuni.

Siku ya kwanza ni ya kutoboa. Mgonjwa hupewa antibayotiki ndani ya saa moja kabla, dawa ya kumtuliza, na ganzi kwenye ngozi hadi kwenye utando wa ini. Utando huo ndio unaouma, nyama ya ini yenyewe haisikii. Kwa ultrasaundi, daktari huchagua kijitawi kilichotanuka pembezoni mwa ini. Pembezoni, kwa sababu karibu na panda mishipa ya damu inayotembea bega kwa bega na mirija ni minene, na kuitoboa ni balaa. Upande wa kushoto sindano huingia chini ya chembe ya moyo. Upande wa kulia hupita kati ya mbavu, ikipanda juu ya ukingo wa ubavu, maana mshipa wa damu hukimbia chini ya ubavu, na isiwe juu sana ikapenya utando wa pafu. Njia huchaguliwa pia kwa kufikiria kamera itakayokuja: ikitobolewa mahali pabaya leo, kamera haitaweza kupinda kuelekea kwenye mawe wiki tatu baadaye.

Sindano ni nyembamba. Nyongo ikirudi, waya huingizwa, njia hutanuliwa kidogo, na mpira wa Fr 8 hivi wenye ncha iliyojikunja huachwa humo. Fr ni kipimo cha unene wa mipira ya hospitali: kila Fr 3 ni milimita 1, kwa hiyo mpira huo una unene wa milimita 2.7. Nyongo hutoka kwenye mfuko nje, homa hushuka, na siku kadhaa hupita.

Hatua ya pili ni kuikuza njia. Mpira hubadilishwa na mnene zaidi mara mbili au tatu, ndani ya wiki moja hadi mbili, mpaka Fr 16 au 18, yaani milimita 5 hadi 6. Kisha husubiriwa wiki nyingine au mbili ili kuta za njia zikomae na kuwa kama ngozi ya ndani. Wengi huuliza kwa nini wasiingize kamera kesho yake. Njia changa hupasuka. Nyongo na maji ya kuoshea yakimwagika tumboni, mtu hupata maumivu makali na uchafuzi wa tumbo, na mara nyingine huishia kwenye kisu alichokuwa akikikwepa.

Hatua ya tatu, kamera nyembamba inayopinda, unene wa milimita 5 hivi, huingia kwenye njia hiyo. Maji ya chumvi ya hospitali, salaini, hutiririka muda wote kupitia kamera ili mrija utanuke na uchafu uoshwe. Kinachoonekana ni handaki la rangi ya waridi, na mbele yake jiwe la kahawia lililojaza handaki lote. Jiwe dogo hukamatwa kwa kikapu na kutolewa kwenye ngozi. Kubwa hupasuliwa. Kwa mashine ya cheche za umeme, waya wenye unene usiozidi milimita 1 husogezwa hadi milimita 1 au 2 kutoka kwenye jiwe, ukilielekea uso kwa uso. Cheche huruka ndani ya maji, maji hutetemeka, jiwe hupasuka. Waya lazima utokeze mbele ya kamera kama milimita 5 la sivyo cheche itapasua kioo. Ukigusa ukuta wa mrija, ukuta huvuja damu au hutoboka. Leza ya holmiamu hufanya kazi hiyo kwa usahihi zaidi, ila ni polepole kwa mawe makubwa.

Maji yanayoingia ni hatari iliyosahaulika. Mfuko wa salaini uning'inizwe, usikamuliwe, na anayehesabu kilichoingia na kilichotoka awepo. Shinikizo likizidi, maji yenye vijidudu hupenya kwenye damu, na saa mbili baadaye mgonjwa anatetemeka kitandani. Yakiwa ya baridi humshusha joto. Kwa hiyo kikao kimoja hakirefushwi bila mwisho. Ni bora kurudi baada ya siku chache. Vikao 3 hadi 5 ni kawaida kwa mwenye mawe mengi.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa na wenye haraka, nayo ndiyo inayoamua kama mawe yatarudi. Kila mbano hukatwa vipande vidogo vya kupimwa saratani, kisha hutanuliwa kwa puto lenye upana unaolingana na mrija wa jirani, likishikiliwa dakika kadhaa, na kurudiwa. Kisha mpira mnene hupitishwa katikati ya mbano na kuachwa kwa miezi, mara nyingi 3 hadi 6, ili kovu lipone likiwa wazi. Mbano uliotanuliwa mara moja na kuachwa hujifunga tena.

Mwishoni hupigwa picha ya rangi kuhakikisha matawi yote yanaonekana. Tawi lisiloonekana kabisa si tawi safi. Huenda limezibwa na jiwe mdomoni, ndiyo maana picha ya mwisho hulinganishwa na ramani ya MRI ya mwanzo. Bomba la sindano liondolewe hewa kabla ya kupiga rangi, kwa sababu viputo huonekana kama mawe na watu wamerudishwa kwenye kamera bure kwa ajili yake. Mpira hufungwa siku chache kwa majaribio. Pasipotokea homa wala maumivu, hutolewa, na tundu hujifunga lenyewe.

Kuishi na mpira ubavuni

Hapa nusu ya mafanikio iko mikononi mwa mgonjwa na anayemuuguza. Mfuko ukae chini ya kiuno. Kila asubuhi andika kiasi kilichotoka na rangi yake; nyongo nzuri ni ya dhahabu iliyokolea hadi kijani, na usaha ni mzito kama uji. Mpira unaomwaga nje pekee unaweza kutoa zaidi ya nusu lita kwa siku, na nyongo hiyo imebeba chumvi ya mwili. Asiyeirudisha hulegea, kizunguzungu kikamshika, na figo zikaumia. Maji ya ORS ya kulingana na kilichotoka ndiyo kinga, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo, ambaye kiasi chake hupangwa na daktari.

Mpira husukutuliwa kwa salaini safi ya hospitali, mililita 5 hadi 10, mara moja au mbili kwa siku kama ulivyoelekezwa. Sukuma taratibu, usivute nyuma: kuvuta huingiza uchafu wa utumbo kwenye mirija na hunasisha makapi kwenye matundu ya mpira. Ukikataa kupitisha, acha na uende hospitali, usitumie nguvu. Bandeji ibadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, na mara moja ikilowa. Chora alama ya kalamu kwenye mpira pale unapoingia kwenye ngozi, ili uone mapema ukianza kuteleza. Bahari na beseni la kuogea viachwe. Kuoga kwa kujimwagia maji mpira ukiwa umefunikwa kunaruhusiwa.

Ukichomoka, funika tundu kwa bandeji safi na uende hospitali saa hiyohiyo. Njia changa inaweza kujifunga ndani ya siku moja, na kutoboa upya ni hatari kuliko kurudisha mpira kwenye njia iliyopo. Usiurudishe mwenyewe. Na hata mpira unaofanya kazi vizuri hubadilishwa kila baada ya wiki 8 hadi 12, kwani makapi ya nyongo huuziba kwa ndani.

Mambo ya kumpeleka mtu hospitali bila kusubiri asubuhi: homa ya nyuzi 38 au zaidi yenye kutetemeka, damu mbichi kwenye mfuko, tumbo kuwa gumu kama ubao, kifua kubana au kuuma wakati wa kuvuta pumzi, na mfuko kukauka ghafla huku nyongo ikivuja kando ya mpira. Damu kidogo iliyochanganyika na nyongo siku mbili za mwanzo ni kawaida. Damu nyekundu inayojaza mfuko huenda inatoka kwenye ateri, na tiba yake ni kuziba mshipa huo kwa waya kupitia pajani au mkononi. Kuvuja damu kwa kiwango cha hatari na maambukizi kuingia kwenye damu hutokea, kila kimoja, kwa wagonjwa 2 hadi 3 kati ya 100 wanaotobolewa.

Dawa, mitikisiko na mafuta ya zeituni

Asidi ya ursodioksikoli, inayouzwa kama vidonge, huyeyusha kolesteroli. Kwa wale wenye hitilafu ya ABCB4 ni dawa ya msaada mkubwa, na hutumiwa kwa muda mrefu. Kwa mawe ya kahawia, ambayo ni bilirubini na kalsiamu, haiyeyushi kitu, hata imezwe mwaka mzima. Mitikisiko ya kupasua mawe kutoka nje ya mwili, ile inayotumika kwa figo, huweza kuvunja jiwe la ndani ya ini, lakini vipande havina pa kutokea mbano ukiwepo. Ni msaidizi wa njia nyingine.

Dawa ya chango, albendazo miligramu 400, humuua mnyoo aliye utumboni. Haimfikii vizuri aliye kwenye mrija wa nyongo, naye mara nyingi hurudi utumboni mwenyewe ndani ya siku au wiki chache. Asipotoka ndani ya wiki tatu hivi, huvutwa kwa ERCP kabla hajawa kiini cha jiwe.

Lipo pia lile dozi linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: juisi ya tufaha siku kadhaa, chumvi ya magnesi, kisha mafuta ya zeituni na maji ya limau usiku. Asubuhi mtu hutoa vidonge vya kijani kwenye haja kubwa, akapiga picha kama ushahidi wa mawe. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa vidonge hivyo: viliyeyuka kwa joto la nyuzi 40, na havikuwa na kolesteroli, bilirubini wala kalsiamu. Vilikuwa sabuni iliyotengenezwa tumboni kutokana na mafuta yaleyale aliyokunywa. Kwa mwenye mbano na usaha, hasara yake kubwa ni siku anazopoteza akiamini amepona.

Pale ambapo kisu ni bora

Kutokupasua si lengo kwa kila mtu. Sehemu ya ini iliyosinyaa na kujaa mawe haitafanya kazi tena hata ikisafishwa. Kuikata huondoa mawe, mbano na hatari ya saratani kwa pamoja, na kwa mgonjwa mwenye nguvu, mwenye mawe upande mmoja tu, huo ndio ushauri sahihi. Shaka yoyote ya saratani pia humpeleka kwa daktari wa upasuaji. Njia ya ngozi inawafaa zaidi wenye mawe pande zote mbili, waliokwisha kupasuliwa mara kadhaa, wazee, na wenye ini lisiloweza kuhimili upasuaji.

Afrika Mashariki, ERCP inapatikana katika hospitali kubwa chache za miji mikuu. Kutoboa mirija kwa sindano kumeongezeka. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, mafunzo ya madaktari wa radiolojia tiba, wanaotibu kwa sindano na mipira wakiongozwa na picha, yalianza mwaka 2018. Kinachokosekana zaidi ni kamera ya kuingia kwenye mirija na mashine ya kupasua mawe. Lakini idara nyingi za mfumo wa mkojo zina kamera nyembamba inayopinda na leza ya holmiamu kwa ajili ya mawe ya figo, na vifaa hivyohivyo, vikisafishwa inavyotakiwa, vimetumika kupitia njia ya ngozi hadi kwenye mirija ya ini. Hospitali yenye idara zote mbili inapaswa kuzikutanisha kabla ya kumwandikia mgonjwa safari. Anayesafiri kwenda India aulize wazi: ni wiki ngapi, vikao vingapi viko kwenye bei, na nani atabadilisha mpira akirudi nyumbani. Kifurushi cha siku kumi hakitoshi kwa kazi hii.

Mikono yenye uzoefu husafisha mawe yote kwa wagonjwa kama 8 kati ya 10. Hata hivyo, wengi wao hupata mawe tena katika miaka inayofuata, hasa wale ambao mbano haukufunguka vizuri. Kwa hiyo ultrasaundi na vipimo vya damu vya ini hurudiwa kila miezi 6 hadi 12, maisha yote. Takwimu nyingi hutaja saratani ya mirija kwa kati ya asilimia 2 na 13 ya wenye ugonjwa huu, wakati mwingine miaka mingi baada ya mawe kutolewa. Mtu aliyekuwa mzima akianza kukonda, au maumivu yakabadilika na kuwa ya kudumu bila homa, apigwe CT mpya badala ya kuongezewa antibayotiki. Kipimo cha damu cha CA 19-9, kinachosaidia kutafuta saratani hiyo, kipimwe baada ya maambukizi kutulia, kwa sababu usaha peke yake hukipandisha juu sana.